Ukisusa, Wenzio Wala

Waswahili hawana imani na mwendo wa kasi. Haraka haraka haina baraka. Mwenda pole hajikwai. Pole pole ndio mwendo. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akishazikariri zote nne, anaweza kudhani lugha hii ilitungwa na watu ambao hawajawahi kuchelewa basi. Ndiyo maana katika toleo hili tumempa safu yetu mtu aliyezikanusha zote nne kwa dakika tatu na nusu tu, kisha tutazame methali ya tano, ambayo yeye na wenzake walipambana nayo kwa miaka mingi zaidi.

Mtu huyo ni Filbert Bayi, mwana wa Karatu, Tanzania. Jumamosi tarehe 2 Februari 1974, akiwa na umri wa miaka 20, alijipanga na wenzake mjini Christchurch, New Zealand, kwenye fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mita 1500 ni mizunguko mitatu na robo tatu ya uwanja, na wakimbiaji wengi wa mbio hizo wana desturi ya kuviziana. Kila mmoja hujificha nyuma ya mwenzake, akiweka akiba ya nguvu, hadi mzunguko wa mwisho ndipo wafumuke. Bayi hakuvizia mtu. Bunduki ilipolia alitoka mbele na akakaa huko huko. Nyuma yake walikuwamo John Walker, kijana wa New Zealand aliyekuwa akikimbia mbele ya watu wa kwao, na Ben Jipcho wa Kenya, bingwa wa mbio za kuruka viunzi na maji. Walker alikuja kwa nguvu mwishoni, uwanja mzima ukimshangilia, lakini hakumfikia. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Walker alikuwa wa pili kwa 3:32.52, Jipcho wa tatu kwa 3:33.16.

Rekodi ya dunia kabla ya siku ile ilikuwa ya Mmarekani Jim Ryun, 3:33.1, iliyodumu tangu 1967. Kwa hiyo hata Walker aliyeshindwa alikuwa amekimbia chini ya rekodi ya zamani. Ni mara chache sana mtu huvuka rekodi ya dunia akashika nafasi ya pili.

Hapa tutue kidogo kwenye lugha, maana hii ni safu ya chama cha Kiswahili. Tunasema Bayi "alivunja" rekodi ya Ryun. Tukivunja chungu hubaki vigae, na tukivunja ahadi huwa hatuna ahadi tena. Lakini rekodi iliyovunjwa haipotei. Inabaki kitabuni pale pale ilipoandikwa, na chini yake huongezwa mstari mpya. Kwa kweli rekodi haivunjwi, husogezwa, kama mpaka wa shamba. Ya Bayi ilisogezwa Agosti 1979 mjini Zurich na Mwingereza Sebastian Coe, kwa tofauti ndogo ya kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ile rekodi ya michezo yenyewe ya Jumuiya ya Madola ilikaa zaidi: hakuna aliyekimbia mita 1500 katika michezo hiyo kwa kasi kuliko Bayi hadi Oliver Hoare wa Australia alipotumia 3:30.12 mjini Birmingham, Agosti 2022. Hiyo ni miaka 48. Wengi wanaosoma safu hii, na hata baadhi ya walimu wao, wamezaliwa na kukua rekodi hiyo ikiwa bado yake.

Mwaka uliofuata, Mei 1975, Bayi alikwenda Kingston, Jamaika, akakimbia maili moja kwa 3:51.0, akamvua Ryun rekodi ya pili. Hiyo haikukaa. Agosti ya mwaka ule ule Walker alikimbia maili kwa 3:49.4 mjini Gothenburg, Sweden, akawa mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 3 na sekunde 50. Ikawa sasa mmoja ana rekodi ya mita 1500, mwingine ana ya maili. Kila mpenzi wa riadha alijua wapi shauri hilo litaamuliwa: Montreal, Kanada, kwenye Olimpiki ya Julai 1976.

Halikuamuliwa. Na sababu yake, ndugu msomaji, iko kilomita chache tu kutoka hapa Kensington.

Ukishuka kutoka Kensington kuelekea katikati ya Johannesburg kwa teksi, ambazo ndizo daladala na matatu za huku, kabla hujafika Doornfontein utaona uwanja mkubwa wa raga unaoitwa Ellis Park. Jengo lililopo leo ni la mwaka 1982. Kabla yake palikuwa na jengo jingine pale pale. Katika uwanja ule wa zamani, tarehe 18 Septemba 1976, timu ya raga ya Afrika Kusini iliishinda New Zealand kwa pointi 15 kwa 14. Ilikuwa mechi ya nne na ya mwisho kati ya mataifa hayo mawili katika ziara iliyoanza mwishoni mwa Juni. Tazama tarehe hizo tena. Tarehe 16 Juni 1976, watoto wa shule wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, na polisi wakawafyatulia risasi. Wiki mbili baadaye wageni kutoka New Zealand walikuwa uwanjani wakicheza mpira na timu ya watu weupe watupu.

Afrika Kusini yenyewe ilikuwa imezuiwa kushiriki Olimpiki tangu 1964, na mwaka 1970 ikafukuzwa kabisa. Hivyo mataifa ya Afrika hayakuwa na la kuifanyia Montreal. Yaliyemtaka atolewe ni mgeni wake. Yalisema: mtu anayekula meza moja na makaburu asikae meza moja na sisi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, kwa hiyo jambo hilo haliihusu. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizosimama mbele kabisa kusema kwamba New Zealand ikibaki, wao hawaendi. New Zealand ikabaki. Nchi zaidi ya 20, karibu zote za Afrika, zikajitoa, na baadhi ya wachezaji walikuwa wamekwisha wasili Montreal. Wakafunga mizigo wakarudi.

Hapo ndipo inapoingia methali ya tano: ukisusa, wenzio wala. Tunawakumbusha wanafunzi wapya kwamba "wala" hapa si ile ya "sili wala sinywi". Ni wa-a-la, yaani wanakula. Na kitenzi "kususa" hakikuzaliwa kwenye siasa. Kilizaliwa jikoni. Mtoto aliyekasirishwa husukuma sahani yake akajikunyata pembeni, ana njaa lakini hali, akitaka mtu amwone. Methali inamwambia kwamba hakuna atakayemwona. Ndugu zake watamaliza nyama, na yeye atalala na njaa yake na hasira yake. Kutoka kwenye kitenzi hicho cha jikoni ndipo lugha yetu ilipata neno lake la kisiasa, "kususia": kususia uchaguzi, kususia bidhaa, kususia michezo.

Basi tuhesabu nani alikula Montreal.

John Walker alikula. Alishinda mita 1500 kwa 3:39.17, sekunde saba nyuma ya muda wa Bayi wa Christchurch. Wapo wanaozitaja sekunde hizo saba kana kwamba zinathibitisha kuwa Bayi angeshinda. Hazithibitishi. Ile ilikuwa mbio ya kuviziana, ya kutafuta medali na si muda, na Walker alikimbia kadiri ilivyohitajika kuwashinda waliokuwepo. Inasemwa pia kwamba Bayi aliugua malaria mwaka ule na huenda asingekuwa na nguvu zake zote. Rekodi hushindania saa; medali hushindania watu. Mtu mwenye rekodi hana hati ya kumiliki medali. Tunachoweza kusema bila kubahatisha ni kwamba mbio waliyoingojea watu kwa miaka miwili haikukimbiwa.

Alberto Juantorena wa Kuba alikula. Alishinda mita 800 kwa rekodi ya dunia, 1:43.50. Mike Boit wa Kenya, aliyepata shaba ya mita 800 Munich 1972 na ambaye wengi walimtazamia kuwa mpinzani wake mkubwa, hakuwepo.

Na Edwin Moses wa Marekani alikula. Habari hii ndiyo inayotuuma zaidi, maana inahusu rekodi moja kwa moja. Tarehe 2 Septemba 1972 mjini Munich, askari polisi wa Uganda, John Akii-Bua, alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa yenye kona kali ambayo wakimbiaji wa viunzi huichukia. Kutoka njia hiyo alishinda mita 400 za viunzi kwa sekunde 47.82, mtu wa kwanza kukimbia mbio hiyo chini ya sekunde 48, kisha akaendelea kuruka viunzi vya hewani akishangilia. Miaka minne baadaye rekodi ile bado ilikuwa yake. Moses, kijana ambaye kabla ya mwaka ule hakuna aliyemjua, aliipunguza kwa karibu sehemu mbili za kumi za sekunde katika fainali ya Montreal. Mwenye rekodi hakuwepo kuitetea. Rekodi yake ilisogezwa yeye akiwa si mle uwanjani.

Mjadala huu ukianza katika chama chetu, huwa unagawanyika kwa namna ambayo kila mtu anaweza kuibashiri. Watanzania huanza kwa fahari: Mwalimu Nyerere alisimama. Wakenya na Waganda hupumua kwa nguvu, kisha huuliza: wanariadha waliulizwa? Mwanasiasa ana miaka arobaini ya kusimama. Mkimbiaji wa mita 1500 ana minne, mitano hivi, na Olimpiki huja mara moja katika minne hiyo. Aliyetoa msimamo hakutoa miguu yake. Alitoa ya mwingine. Na wenzetu wa Afrika Kusini, ambao ndio walioandaliwa karamu ile kwa jina lao, mara nyingi hukaa kimya kwanza, kwa sababu wengi wao ndiyo mara yao ya kwanza kusikia jina la Filbert Bayi.

Swali la Wakenya na Waganda ni la haki na halina jibu la mkato. Tena lina mkia mrefu zaidi. Sydney Maree alikuwa mkimbiaji mweusi, mzaliwa wa Afrika Kusini. Kwa kuwa nchi yake ilikuwa imefungiwa, naye alifungiwa, ingawa ubaguzi ule ulikuwa juu ya kichwa chake kama ulivyokuwa juu ya watoto wa Soweto. Alikwenda kusoma Marekani na hatimaye akawa Mmarekani. Tarehe 28 Agosti 1983, mjini Cologne, alikimbia mita 1500 kwa 3:31.24, rekodi ya dunia. Ilidumu siku saba tu, kisha Steve Ovett wa Uingereza akaisogeza. Lakini tazama kitabuni: mbele ya jina la Maree pameandikwa Marekani. Kijana aliyezaliwa mwendo wa gari usiozidi saa mbili kutoka hapa aliwahi kuwa na rekodi ile ile ya Bayi, na nchi yake haikuipata hata kwa siku saba hizo. Kususia kulimpiga mwenye kosa, na kukampiga aliyekosewa.

Wapo basi wanaosema methali ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Walisusa, wenzao wakala, mechi ya Ellis Park ikachezwa vile vile, na makaburu wakatawala kwa miaka mingi baadaye. Bayi alipoteza medali na Soweto haikupata kitu.

Sisi hatukubali, na tunataka kueleza kwa nini bila kupaza sauti.

Methali inamhusu mtoto mmoja katika nyumba yenye watoto wengi. Sahani yake ikibaki, haitambuliki. Lakini wakisusa watoto nusu ya nyumba, hiyo si hasira tena, hiyo ni habari, na majirani wataanza kumwuliza mwenye nyumba kulikoni. Ndivyo ilivyokuwa. Juni 1977, miezi kumi na moja tu baada ya Montreal, viongozi wa Jumuiya ya Madola walikutana Gleneagles, Uskoti, wakakubaliana kwamba kila serikali izuie watu wake kushirikiana kimichezo na Afrika Kusini. Hawakukutana kwa sababu walipata huruma ghafla. Walikuwa wanaogopa kwamba michezo yao ya Edmonton ya 1978 nayo ingebaki na sahani tupu. Na mwaka 1981, timu ya raga ya Afrika Kusini ilipokwenda New Zealand, watu wa New Zealand wenyewe waliingia barabarani kwa maelfu. Mjini Hamilton waliingia hadi katikati ya uwanja, na mechi ikafutwa. Mwaka 1985 ziara nyingine ya New Zealand kuja huku ikazuiwa mahakamani, na New Zealand. Mwaka 1976 swali la "mnakula na nani?" liliulizwa na Waafrika. Miaka mitano baadaye Wanyuzilandi walikuwa wanajiuliza wao kwa wao. Hatudai kwamba Montreal pekee ndiyo iliyoleta yote hayo. Tunasema kwamba sahani ile iliyosukumwa ilionekana.

Tuna sababu nyingine, na hii ni ya karibu zaidi. Kensington ya mwaka 1976 kwa sheria ilikuwa mtaa wa watu weupe. Mtu mweusi aliweza kuja hapa asubuhi kufagia au kupika, na kurudi alikotoka, au kulala kwenye kibanda cha nyuma akiwa na kitambulisho kilichopigwa muhuri. Wengi wa wanachama wanaoishi mtaa huu leo, wanaopanda kilima jioni na mkate na maziwa mkononi wakibishana kuhusu ngeli, wasingeruhusiwa kupanga hata chumba. Hatusemi tulipewa vyumba hivi na Filbert Bayi. Waliotoa zaidi walikuwa watu wa hapa hapa, na wengi walitoa uhai. Lakini katika orodha ndefu ya watu waliolipa ili mlango huu ufunguke, wamo vijana wachache wa Karatu, Nairobi na Kampala waliolipa kwa kitu ambacho hakirudishwi: msimu mmoja wa miguu yao.

Deni la namna hiyo hulipwaje? Hakuna wa kumlipa Akii-Bua. Alifariki mwaka 1997. Boit alikuwa msomi, akaendelea na maisha ya chuo kikuu. Bayi aliendelea kukimbia. Mwaka 1978 alipata fedha ya mita 1500 kwenye michezo ile ya Edmonton. Kisha ikaja 1980, na hapo historia ikapindua meza. Safari hii Marekani ndiyo iliyotaka watu wasusie, Olimpiki ya Moscow, kwa sababu majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameingia Afghanistan. Rais Carter alimtuma Muhammad Ali Afrika kuwashawishi viongozi, na kituo chake kimojawapo kilikuwa Dar es Salaam. Nyerere hakumpokea. Na waandishi wa habari wakamwuliza Ali swali lililomkwaza: Afrika iliposusia kwa ajili ya Waafrika Kusini, Marekani ilikuwa wapi? Kenya ilikubali kususia, Tanzania ikaenda. Kule Moscow Bayi, akikimbia mbele kama kawaida yake, alipata medali ya fedha katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji, nyuma ya Bronisław Malinowski wa Poland. Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5000. Hadi Olimpiki ya Paris 2024, medali hizo mbili ndizo pekee Tanzania iliyowahi kupata katika Olimpiki.

Kwa upande wa Kenya, aliyeumia kuliko wote labda ni Henry Rono. Mwaka 1978, ndani ya siku 81, alisogeza rekodi nne za dunia: mita 5000, mita 3000 za viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3000. Hajatokea mwingine aliyefanya hivyo. Ile ya viunzi na maji ilikaa miaka 11. Mwaka 1976 nchi yake ilisusia, mwaka 1980 ikasusia tena. Rono alifariki Februari 2024 bila kukanyaga uwanja wa Olimpiki kama mshindani hata siku moja. Anayetaka kupima gharama ya kususa asitazame hotuba. Aweke pamoja namba hizo mbili: rekodi nne, Olimpiki sifuri.

Turudi mtaani kwetu kumalizia. Ubavuni mwa Ellis Park pana uwanja mwingine, Johannesburg Stadium, na huo ni wa riadha. Septemba 1998, miaka 22 baada ya ile mechi ya 15 kwa 14, Kombe la Dunia la Riadha lilikimbiwa pale. Katika mashindano hayo baadhi ya timu hazikuwa nchi, zilikuwa mabara, na Afrika ilikuwa timu moja yenye fulana moja. Mita 200 za wanaume zilishindwa na Frankie Fredericks, mtu wa Namibia, nchi ambayo hadi 1990 ilikuwa chini ya makaburu hao hao, akiwa amevaa jina la Afrika kifuani. Na timu ya wanaume ya Afrika ndiyo iliyotwaa kombe.

Siku zile uwanja ulitoa muda mkali katika mbio fupi. Obadele Thompson wa Barbados alikimbia mita 100 kwa 9.87, na Marion Jones wa Marekani kwa 10.65. Mji huu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi, haimzuii sana mtu wa mbio fupi, na ndiyo maana watunza takwimu huweka alama ya A kando ya muda uliopatikana mahali pa juu namna hii. Nairobi nayo ni hivyo hivyo, na ni pale Kasarani, Septemba 2021, Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa 9.77, rekodi ya Afrika. Lakini hewa hiyo hiyo humnyima pumzi mtu wa masafa. Kwa hiyo hata kama milango yote ingekuwa wazi, Bayi asingeiweka rekodi yake Johannesburg. Wakimbiaji wetu wa masafa hulelewa juu milimani na rekodi zao huandikwa chini, ugenini: Christchurch, Oslo, London, Berlin, Monaco. Jina la mji kando ya rekodi linatuambia mbio ilikimbiwa wapi. Halituambii ililipiwa wapi.

Tuna ombi moja dogo kwa walimu wetu. Mkifundisha "ukisusa, wenzio wala", na tunajua mtaifundisha maana ni tamu na sarufi yake inafaa kwa somo la nyakati, msiishie kwa mtoto na sahani yake. Waambieni wanafunzi kwamba iliwahi kutokea, Julai 1976, watu wakasusa huku wakijua kabisa kwamba wenzao watakula, na kwamba waliosusiwa karamu ile kwa ajili yao ni babu na bibi wa wenzao waliokaa dawati la pili. Kisha waandike ubaoni: Bayi, Boit, Akii-Bua. Mwanafunzi wa Johannesburg atakayetoka darasani akiyajua majina hayo matatu atakuwa amejifunza Kiswahili kidogo, na historia ya mtaa wake zaidi kidogo.